Goti la Familia

Kinyozi alijaza fomu ya kliniki mchana, wateja walipopungua, akiwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea na simu mkononi. Kliniki ilikuwa imeacha kuandikisha wagonjwa mmoja mmoja. Siku hizi ilikuwa fomu moja kwa familia nzima, inayotumwa kwa kubonyeza mara moja: yeye, mkewe, binti yao, na mwisho kabisa, chini ya neno "wengineo", mama yake. Kisanduku kimoja kikikosewa, familia nzima inarudishwa.

Kwenye swali la maumivu aliandika "hakuna" kwa wale watatu wa kwanza. Kwa mama yake aliandika "uzee". Fomu ikarudi na maandishi mekundu: uzee si maumivu. Ikabidi ampigie simu.

"Mama, unaumwa wapi?"

Mama alimwomba arudie, maana swali hilo hakuwa amelizoea.

"Goti la kulia," alisema. "Linachoma kama msumari. Kwenye ngazi ndiyo balaa."

Akaandika vivyo hivyo, akatuma. Alama ya kijani ikatokea. Mteja akaingia, kinyozi akainuka kumpisha kiti, na goti lake la kulia likachoma kama msumari. Alimnyoa akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Wakati huohuo mkewe, muuza viatu, alichutama kumpima mteja kiatu akashindwa kuinuka. Binti yao alitolewa uwanjani mchezo wa netiboli ukiendelea.

Jioni walipanda mpaka ghorofa ya nne wakijivuta kwa kushika ukuta, wakajitupa kwenye makochi. Bibi, mama yake kinyozi, alikuwa ameshapandisha ndoo za maji, kwa kuwa pampu ya jengo haikuwa na nguvu ya kufika juu, na sasa alikuwa jikoni akikaanga vitunguu.

"Mama, na wewe linauma hivi hivi?" mkwewe alimuuliza.

"Hivi hivi."

"Na maji umepandisha?"

"Sasa mngeoga nini?"

Kinyozi alikuwa akijikanda goti. "Kwa nini hukuwahi kusema?"

"Nilisema," bibi alijibu, akapunguza moto.

Kinyozi alimpigia fundi wa mfumo wa kliniki, kijana mpole, ambaye alikiri kosa bila kuzungusha maneno. Visanduku vyote vinne vya maumivu alikuwa amevipa jina moja, kwa hiyo jibu la mwisho lilikuwa limekaa juu ya mengine yote. Aliwaomba waje wote wanne wiki inayofuata, maana waliingia pamoja na wangerekebishwa pamoja.

Wiki hiyo kinyozi hakufungua saluni. Mkewe aliomba ruhusa kazini, binti akabaki nyumbani. Walilala miguu ikiwa juu ya mito, na usiku waliguna kila wanapojigeuza. Bibi aliwapelekea chai na vitambaa vya maji moto, akashuka, akapanda, akashuka tena. Waliposikia hatua zake kwenye ngazi walifumba macho, kwa sababu sasa walijua kila ngazi ina ladha gani.

"Mama, si upumzike kidogo," kinyozi alisema siku moja.

"Nikipumzika nani atashuka?"

Bibi akachukua ndoo.

Kliniki ilikuwa na feni inayolia na viti vya plastiki. Fundi alifungua fomu yao kwenye kompyuta, akawaeleza taratibu.

"Maumivu yenyewe siwezi kuyafuta, hiyo ni kazi ya daktari, na daktari atamwambia mwenye goti asibebe kitu wala asipande ngazi. Mimi ninachoweza ni kuyarudisha kwa mmoja, au kuyagawa. Mkiyagawa kwa wanne yatakuwa madogo. Kama kokoto kwenye kiatu. Mtu anaishi nayo vizuri tu."

Kinyozi alitazama sakafu. Mkewe akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba.

"Mimi naweza kubaki na langu," binti alisema.

"Wewe una shule," mama yake alimjibu.

"Na mimi kazi yangu ni ya kusimama," kinyozi alisema, akimwambia fundi. "Mnyoaji hawezi kukaa."

Bibi alikuwa ameshasogeza kiti karibu na kompyuta.

"Nirudishie, mwanangu," alimwambia. "Ni langu. Tumezoeana."

Mfumo ulitaka wathibitishe wote kwa pamoja. Vidole vinne vikawekwa kwenye kioo, alama ya kijani ikatokea, na watatu wakanyoosha miguu. Kinyozi aliruka mara mbili pale pale kujaribu. "Pole, mama," alisema, na kweli alimwonea huruma, maana alikuwa bado anakumbuka kidogo.

Njiani walijitahidi kutembea polepole naye, lakini miguu yao ilikuwa mizima na ilikuwa na hamu. Kufika kwenye duka la kona walikuwa wameshamtangulia sana. Walipanda ngazi mbilimbili, wakafungua madirisha, wakaketi.

Walimsikia kwenye ghorofa ya pili, akapumzika, kisha ya tatu. Alipoingia, binti alimshika mkono mpaka alipopata pumzi. Mkwewe akakunja miguu, na kinyozi akasogeza kiti chake pembeni, ili apite kwenda jikoni.