Bangili Motoni

Asubuhi ile pale kwenye geti la shule, mdogo wangu Mwanaidi alivua bangili ya fedha aliyoachiwa na marehemu mama, akaniwekea kiganjani. "Nishikie, dada. Humo ndani hawataki mapambo." Akaingia kufanya mtihani wa darasa la saba, midomo imemkauka. Mjomba alishasema: akifeli, anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, kama nilivyopelekwa mimi mwaka niliofeli. Nikaketi ukutani, nimechoka kwa kukesha naye, jua likanifuata, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambayo udongo wake ni majivu na upepo wake unanuka chuma, watu wamepanga foleni mbele ya tanuri, kila mmoja kakumbatia kitu chake cha fedha kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mama mmoja wa makamo akanishika mkono, akasema yeye ni Subira. "Neno mtihani lilitoka motoni, mwanangu. Waarabu wa zamani walilisema juu ya fedha: iyeyushwe, uchafu ujitenge, ijulikane safi ni kiasi gani. Baadaye wakalisema juu ya watu."

Sikumsikiliza vizuri, maana bangili ilikwishanitoka mkononi, nikaiona ndani ya chungu inalegea kama siagi. Nikataka kuitoa, mikono haikuinuka. Na juu ya rundo la uchafu uliotupwa alikaa mwanamke waliyemwita Dharau, anatafuna karanga. "Shosti, karibu! Nafasi yako ya mwaka ule ipo, hatujampa mtu. Na ya mdogo wako nimeshaifagia."

"Bi Subira, itoe!"

"Siwezi. Nawe huwezi."

"Sasa mimi nimeletwa kufanya nini?"

"Kukaa karibu. Moto hauongezi fedha wala hauli fedha. Kaa tu, mwanangu, usigeuze uso."

Nikakaa, nalia, natazama, mpaka kengele ikalia.

Nilipofumbua macho Mwanaidi alikuwa amesimama mbele yangu. "Dada, maswali mawili sikuyafikia."

Nilitaka kumuuliza ni yapi, kana kwamba ningeingia kuyajibu. Ndipo nikaelewa kwamba kile chumba cha mtihani hakikuwa na kiti changu. Changu kilikuwa hiki cha ukutani, na sikukiacha. Nikafungua kiganja. Bangili ilikuwa nzima. Akaivaa, akashtuka.

"Mbona ya moto hivi?"

"Vaa hivyo hivyo," nikamwambia. "Itapoa njiani."

Tukashika njia ya kwa Mjomba.