Kuku Hutoka Akale

Mayai tisini na sita ya Mama Kamande yalipikika ndani ya mashine ya kuangulia vifaranga, na mimi niliyeiandikia programu nikamlaumu yeye. Nilikuwa mjinga.

Kila asubuhi, kule kwake eneo la Bahati, mama huyo alizima soketi ya ukutani kwa dakika ishirini. Kompyuta ndogo ya mashine ina betri, kwa hivyo ilijilaza tu, ikaandika kwamba vifaa vyake vyote vimelala. Lakini kipimajoto hutegemea umeme wa ukutani. Hicho hakikulala, kilizimika kabisa, kikasahau mipangilio yote niliyokipa. Umeme uliporudi, kilidai mayai yana baridi, kompyuta ikakiamini, hita ikachoma.

"Bandika selotepu kwa hiyo swichi, Nekoye," Jeff, mwenzangu wa karakana pale Bondeni, aliniambia. "Si shida ya code."

Nilienda Bahati na selotepu mfukoni, sifichi. Nikakuta mashine ileile ina mayai mengine tisini na sita.

"Haya yakiharibika, unakuja kubeba mashine yako," Mama Kamande akasema.

"Si ungeacha tu kuzima?"

"Kwani kuku hatoki kwa mayai akale? Mimi nililelewa na kuku, si na laptop."

"Na akirudi, anayakalia tu?"

"Ala! Anayagusa kwanza, anayageuza. Atajuaje kama yako vile aliyaacha?"

Aibu ilinishika. Kuku amenishinda akili! Nilifungua laptop palepale kwenye meza ya jikoni, nikaandika upya sehemu ya kuamsha vifaa: kipimajoto kiulizwe kwanza kama bado kinakumbuka, kikiwa kimesahau kipangwe upya, na hita isiwake kabla ya hapo. Jaribio la kwanza lilikataa. La pili pia. Chai aliyonimiminia ikapoa, nami sikuinuka.

"Sasa zima," nikasema hatimaye.

Akazima. Dakika ishirini baadaye akawasha. Namba za joto zilianzia thelathini na tano, zikapanda taratibu hadi thelathini na saba na nusu, zikatulia. Mama Kamande hakuziangalia. Alitoa yai moja, akaligusisha kwenye kope la jicho kupima joto.

"Liko sawa," akasema. Selotepu nikaiacha kwenye pipa lake la taka.

Mayai hayo yalipofikisha siku ya ishirini na moja, alinipigia simu. Sikusikia hata neno lake moja, kwa kelele za vifaranga.