Ufuta wa Kukombolea Kitabu

Niliingia pale kwa sababu ya viti. Gari la Mchinga lilikuwa halijajaa, kondakta hataki kuondoka na nafasi tupu, na magoti yangu siku hizi hayapendi kusimama. Nikaona mlango wa Kituo cha Utamaduni Mkwajuni uko wazi, ndani feni inazunguka, viti vya plastiki vimepangwa. Msichana wa mlangoni akaniambia, "Shikamoo babu. Karibu, leo tuna mazungumzo na mwandishi."

"Marahaba. Chai ipo?"

"Ipo, baada ya mazungumzo."

Basi nikakaa, tena mbele, maana masikio nayo yamechoka.

Vitabu mimi siviogopi. Shule nimeisoma vipandevipande: kidogo Mchinga, kidogo kwa mapadri, kidogo kwenye ngumbaru ya kambi ya mkonge, na kilichobaki nikakisoma kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi. Nimepikia vibarua wa barabara, nimevuna chumvi, nimebeba mawe ya mafundi kule Songo Mnara. Kila kambi niliyolala palikuwa na mtu wa kusimulia. Ila mtu kuwekewa meza yenye kitambaa cheupe, na chupa ya maji, na maua, ili asimulie, hilo nililiona Lindi siku ile.

Mwenye kituo, mama mmoja anaitwa Angela, akasimama. Alisema mgeni wetu ni Fidelis, kijana wa nyumbani, Mmatumbi wa Miteja, ambaye alichukuliwa na mjomba wake Dar es Salaam akiwa bado mdogo na leo amerudi na kitabu. Akasema pia kwamba dada yake, Stefania, amekuja kutoka Miteja kumsikiliza, tumpigie makofi. Tukapiga. Dada mwenyewe alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu, mama wa makamo, kitenge kimepigwa pasi, kikapu kimekaa mapajani. Nilimsalimu kidogo, nikamuuliza kikapuni kuna nini.

"Ufuta wa shambani," akasema. "Namletea huyu. Dar wanauziwa wenye mchanga."

"Mmatumbi anajua ufuta? Mimi nilidhani mnakula mizizi."

Akageuka kuniangalia. "Wewe Mmwera."

"Umejuaje?"

"Mmwera akikaa na mtu, kabla hajamaliza kupumua ameshamtukana." Akacheka, na mimi nikacheka. Ndivyo ilivyo. Sisi na wao ni watani toka kwa mababu. Mtani anakutania sokoni, anakutania harusini, na msibani ndiyo kabisa. Anaweza kulala kwenye kaburi lako akasema pana joto, mzikeni kwingine. Anaweza kukalia sufuria ya msiba, wali usiive mpaka akombolewe. Na anayekomboa ni mwenye kitu, si mtu mwingine. Hata kama ni kuku, hata kama ni kibuyu cha togwa, kitoke mkononi mwa mwenye kitu. Hayo Stefania alikuwa anayajua vizuri kuliko mimi.

Fidelis akabanwa kipaza sauti kidogo kwenye kola, kile kinachofanana na mbegu ya fenesi, akaanza kusoma.

Alisoma kuhusu mwanamke aliyepanda basi akiwa mjamzito. Mvua imekata barabara, magari yamepanga mstari huku na huku ya maji, na uchungu ukamshika palepale. Abiria wa kike wakamzungushia kanga. Mtoto akatoka. Mwanamke ndiye anayesimulia mwenyewe, kwa "mimi". Watu wote walidhani mtoto amezaliwa amekufa, lakini mama yake alimwona anafumbua macho. Padri hayupo, na mtoto hana muda. Akachukua chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa miguuni mwake, akammwagia utosini, akasema: "Klementi, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtoto akayafumba macho tena. Watu walipofungua kanga walimkuta kimya, na yeye akawaacha waamini walichoamini, maana hakutaka kubishana na mtu juu ya mtoto wake.

Aliposhusha kitabu, nyuma kuna mtu anapenga kamasi. Nikamtazama Stefania. Ameinama, ameushika mdomo wa kikapu kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, safari imemchosha, amesinzia.

Angela akafuta macho, akauliza, "Fidelis, wewe mwanaume. Umeyajuaje haya? Mwanamke wako anaongea mpaka mimi niliyezaa nikashika tumbo."

Fidelis akatabasamu. "Ni kazi ya mwandishi, dada Angela. Unakaa kimya, unafikiri, mwisho unakuwa yule mtu. Huyu mama nilimtoa kichwani mwangu. Hayupo popote."

Watu wakapiga makofi, lakini makofi mazito, ya msibani. Na mimi nikaona ukumbi umekuwa msiba kweli, na msiba una mtu wake wa kuuchekesha, na mtu huyo yumo ndani, naye ni mimi. Nikanyoosha mkono. Msichana akaniletea kipaza sauti kikubwa.

"Mimi naitwa Abilahi," nikasema. "Sina swali. Nina mashtaka."

Vicheko vidogo vikaanza. Wazee wa pale walishaelewa.

"Huyu Mmatumbi ni mwizi. Toka lini Mmatumbi akawa na kitu kichwani? Kichwa cha Mmatumbi ni cha kubebea kuni. Kitabu hiki si chake. Kitabu ni cha dada yake huyu hapa, yeye amevaa kanga ya dada yake akaja kutuimbia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi mmoja nyuma akapiga kigelegele. Nikasogea mpaka mezani, nikakitwaa kile kitabu alichokuwa anasomea, nikakipakata kama mtoto.

"Nimekishika. Sikitoi mpaka mwenyewe akikomboe."

Kila mtu anacheka, isipokuwa wawili. Fidelis amebadilika rangi, mdomo umekuwa kama majivu. Nikadhani ni hasira ya mtu wa Dar asiyejua utani, nikataka kumwambia, mtani, lete soda tu yaishe. Lakini yeye hakuwa ananitazama mimi. Aliinama upande wa dada yake, akanong'ona. Alinong'ona kweli, kwa siri kabisa, ila ile mbegu ya fenesi ilikuwa bado kwenye kola.

Spika zote mbili zikasema: "Dada, huyu mzee umemwambia nini? Si tulikubaliana hakuna atakayejua?"

Mimi nimeona mambo. Nimeona tingatinga likimlalia dereva wake. Nimeona watu wakifukua kaburi walilodhani ni la fedha. Lakini sijawahi kusikia ukumbi ukikata kicheko namna ile, kama mtu amekanyaga waya wa umeme. Feni tu ndiyo iliendelea. Na kitabu mikononi mwangu kikawa kizito, nikataka kukirudisha mezani na mikono ikakataa.

"Mjomba," nikamwambia Fidelis, na sauti yangu ilitoka mbovu, "nilikuwa nakutania."

Alinitazama kama sikusema Kiswahili.

"Kunitania nini?"

"Utani. Mimi Mmwera. Hakuna aliyeniambia kitu."

Sasa ndipo akaelewa. Niliona inavyomwingia. Akashika kola, akakigusa kile kipaza sauti, akakiacha hapohapo, maana kukitoa kulikuwa hakuna faida tena.

Angela alikuwa amesimama, karatasi za maswali mkononi. "Tutapumzika kidogo," akasema. "Chai ipo nje." Hakuna aliyenyanyuka. Chai niliyoisubiri ikawa mbali kama Mtwara.

Stefania akainua kichwa. Hakuwa amesinzia hata kidogo.

"Hatukukubaliana," akamwambia mdogo wake. Hakuhitaji kipaza sauti. "Nilikwambia wewe peke yako, kwenye simu, kwa sababu uliniuliza mbona sili. Nilisema hata mama hajui. Ukasema, hakuna atakayejua, dada. Ulilisema wewe."

"Nilibadilisha mambo, dada. Gari nimebadilisha, mahali nimebadilisha."

"Jina hukubadilisha."

"Nilijaribu majina mengine. Hayakukaa."

"Hayakukaa," dada akasema polepole, kama anaonja. "Mtoto yule sijawahi kumtaja kwa jina mbele ya mtu. Baba yake anajua alizaliwa amekufa. Leo nimekuja kukupigia makofi, namsikia anaitwa kwenye spika."

"Ningekueleza leo jioni. Naapa."

Pale ilikuwepo njia ya kumwokoa, na Stefania aliiona kabla yangu. Angeweza kucheka tu. Angesema, mzee ni mtani, na sisi tunamjibu kwa utani, mmenaswa wote. Watu wangecheka kwa kutaka kuamini, na kitabu kingeuzwa, na Fidelis angebaki na jina lake. Hata mimi nilimwombea acheke. Kijana wa watu, na kosa langu si kosa, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Fidelis akanijia, mkono mfukoni. "Mzee, nipe hicho kitabu. Nakikomboa. Unataka nini?"

Bibi wa kigelegele akasema kutoka nyuma, taratibu, "Anakomboa mwenyewe, baba."

Mkono wa kijana ukabaki mfukoni.

Stefania akasimama. Alipekua kikapu, akatoa kifuko cha ufuta, kimefungwa kamba ya mkonge, ule aliomletea huyuhuyu. Akaja mpaka nilipo. Macho yake makavu.

"Mtani," akaniambia, "nakomboa."

"Mama, mimi nilikuwa nafanya mchezo."

"Najua. Umeshika kitu changu, na mimi nakomboa. Pokea."

Mtani akikombolewa hana ruhusa ya kukataa. Nikapokea ufuta kwa mikono miwili, nikampa kitabu. Akakigeuza, akakiangalia jalada lenye jina la mdogo wake, kisha akawageukia watu.

"Mtoto ni wangu," akasema. "Anaitwa Klementi, na aliyembatiza ni mimi. Kama mmemlilia, ahsanteni. Hakuwahi kuliliwa kwa jina."

Akakitia kitabu kikapuni, akatoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume wawili watatu walivua kofia. Angela alivikusanya vitabu vilivyobaki mezani, akavifunika kwa kile kitambaa cheupe, halafu akasimama pembeni yake hajui afanye nini na mikono.

Nilimkuta Fidelis kwenye ngazi za nje. Kipaza sauti kilikuwa bado kwenye kola, na kila alipopumua, ndani ya ukumbi kulisikika kunapumua. Nilimtolea mwenyewe, nikakizima.

"Ule ufuta," akasema, "alikuwa ameniletea mimi."

"Najua."

"Nigawie hata kidogo, mzee."

Nikatamani kumpa. Nakwambia kweli, nilitamani. "Nikikugawia, mtani, dada yako atakuwa hajakomboa kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Jambo hilo alilielewa mara moja, bila kuelezwa, na yeye mtoto wa Dar.

Stefania alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kikapu begani, anaangalia gari la Kilwa, la kurudia kwao, likipakia. Nilidhani hatageuka. Akageuka.

"Fidelis," akaita. "Mama lazima asikie kabla watu hawajamfikishia. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimekaa. Panda."

"Na shemeji?"

"Na yeye pia. Panda."

Akashuka ngazi, begi lake amelisahau ndani, akavuka barabara bila kuangalia pembeni. Dada hakumpa mkono, lakini alipofika alisogea kidogo mlangoni ili apite kwanza.

Gari la Mchinga nalo lilikuwa limeshajaa likaenda zake. Nilibaki kwenye zile ngazi na kifuko cha ufuta uliomkomboa mtoto ambaye sikumjua, nimekishika kwa mikono miwili vilevile kama nilivyokipokea.