Lengalenga Nyekundu kutoka Ng'ambo

Adhuhuri, Mounira akipakua wali, mumewe Kassim aliingia na fungu la lengalenga nyekundu, mchicha wa huko, kwapani, suruali imelowa hadi magotini. Kassim aliuawa zamani za vita, Kindu ilipozingirwa na chakula kikabaki mashambani, ng'ambo ya mto Lualaba. Siku ile alikuwa amekwenda kumkatia mkewe majani hayo hayo.

"Umechelewa," alisema Mounira.

"Walinzi wa Nestor wamepiga risasi tena. Ona, shati ingine imetoboka."

Nestor ndiye aliyewaongoza waliomuua. Vita vilipokwisha alilizungushia ua shamba lao, likawa lake.

Kassim alinawa. Matundu ya kifuani yalidondosha mbegu nyeusi, Mounira akazifagia. Aliwahi kuzipanda nyuma ya jiko zikaota kijani kitupu. Wekundu hauoti ila ng'ambo.

Walianza na majani, wali baadaye. Mounira ana ugonjwa wa sukari. Akila wali mtupu, sukari inapanda mbio na kidonda cha mguuni kinapanuka. Akitanguliza rangi ile nyekundu, inapanda polepole, kama mgeni asiyeijua nyumba. Muuguzi Florentin alishamwonya: kidonda kikipanuka tena, mguu utakatwa. Siku moja zahanati, alipoona kipimo kimetulia, aliuliza:

"Mama, majani unatoa wapi?"

"Bwana yangu njo analeta."

"Yule wa wakati wa vita?"

"Njo huyo."

"Basi aongeze na ya mama yangu. Naye iko na sukari."

Adhuhuri hiyo, kabla Mounira na Kassim hawajamaliza kula, Nestor alipiga hodi. Alimwamkia Mounira, akamwamkia Kassim, akakaa.

"Ndugu Kassim, unanimalizia majani. Si uje mlangoni uombe, kama watu?"

"Ile siku niliomba," alisema Kassim. "Nilipiga magoti."

Nestor aliitazama sahani.

"Ile ilikuwa vita," alisema. Kisha akaeleza kwamba naye amepimwa, amekutwa na sukari. Akachukua nusu ya majani yaliyobaki, akaaga vizuri.

Mounira alitafuta sindano, akaanza kushona shati.

Siku hizi Nestor huja kila adhuhuri kuchukua nusu yake, na walinzi wake hawajaacha kumpiga Kassim risasi. Mounira hula majani yanayobaki. Kidonda hakipanuki, wala hakifungi.