Saruni ya Bibi Mya Shwe

Tangu asubuhi, ndege ilipoangusha mabomu kijijini, Naung Soe na mwenzake Zeya walikuwa wamefukua watu wanne, wote maiti. Kwa hiyo sauti ilipotoka chini ya kifusi ikisema, "Nani huyo ananimwagia mchanga machoni?" Naung Soe, fundi cherehani aliyegeuka mwokoaji, alicheka kwa sauti.

"Yuko hai!" alipiga kelele. "Na anagomba!"

Handaki alimojificha Bibi Mya Shwe lilikuwa limeporomoka, likabaki tundu la kupita mtu mmoja. Mlangoni ilining'inia saruni yake, nguo ya kujifunga kiunoni, ikiwa imebanwa na boriti. Ukiivuta, boriti inashuka na kila kitu. Naung Soe akainama aingie.

"We! Ishia hapo hapo!" bibi akafoka. "Mwanamume unapita chini ya saruni ya mwanamke? Nguvu zako zitakwisha zote!"

"Bibi, ndege itarudi."

"Irudi! Mimi nimharibu mtoto wa watu? Lete mwanamke."

"Wanawake wote wako msituni. Nipo mimi na Zeya, na Zeya kwa kitambi kile hapiti."

"Nasikia!" Zeya akajibu, bega lake likiwa chini ya boriti.

Mngurumo ukasikika kwa mbali.

"Bibi, fumba macho. Usipoona, sijapita."

"Haya, nimefumba. Fanya haraka, mjinga wewe."

Akapita. Kitambaa kilimfuta utosini, naye akacheka peke yake gizani kama mwendawazimu. Akamshika bibi kwapani, akamvuta, akambeba mgongoni, wakatimua mbio yeye na Zeya hadi kwenye mianzi. Ndege ikapita juu yao, ikaenda zake.

Bibi alikuwa mweupe kwa vumbi, na jino lake moja likichungulia.

"Umezaliwa siku gani?"

"Jumanne. Kwani?"

"Nikakuombee hekaluni, pagodani, kwenye kona ya waliozaliwa Jumanne. Nguvu zikurudie."

Zeya akaangua kicheko. Naung Soe naye akafungua kinywa acheke, kikatoka kilio. Alilia kwa kwikwi, mabega yakitetemeka, hawezi kujizuia.

"Umeona sasa?" bibi akasema, akimfuta machozi kwa kiganja cha vumbi. "Nilikuambia zitakwisha." Akamvuta kichwa kifuani pake. "Haya, lia, mjukuu wangu. Walilie na wale tuliowapoteza."