Mshika Kamba wa Masara

Migori mjini kulikuwa na kikao cha watu wanaoacha pombe, tena karibu, lakini Nashon hakukitaka. Alitaka cha Homa Bay, ambako hakuna aliyemjua. Namba ya simu ya kikao hicho aliiona kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani hospitalini, siku alipompeleka rafiki yake Mokua, mguu umevunjika mara mbili. Aliinakili kiganjani harakaharaka kama mtu anayeiba.

Mokua alikuwa ameanguka ndani ya shimo la dhahabu kule Masara. Nashon ndiye aliyekuwa juu, ameshika mpini wa kuzungushia kamba ya kushushia watu. Aliwaambia wote kwamba kamba ililowa mvua ya usiku, ikateleza. Wakaamini. Mokua mwenyewe, plasta hadi pajani, alimshukuru kwa kumtoa. Shukrani hiyo ilimkaa Nashon kooni wiki tatu, na kila alipojaribu kuimeza aliisukuma kwa chang'aa.

Alhamisi alasiri akaingia katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, huko Homa Bay. Watu tisa, viti vya plastiki, birika la chai. Mwenye kikao alikuwa Mama Roseline, muuza samaki ambaye alikuwa na miaka sita bila kugusa tone.

"Karibu, kijana. Tuambie jina lako na kilichokuleta."

Sasa, Nashon alikuwa bingwa wa pakruok. Kwenye ngoma za Suna na Nyatike, mwimbaji akinyamazisha gitaa ili mtu asimame ajisifu, hakuna aliyemshinda kwa maneno. Kusimama mbele ya watu akataja jina lake bila kulipamba, hilo hakuwahi kulifanya. Akainuka, akatoa kifua.

"Mimi Nashon! Dume la Masara, mkono wa chuma, mshika kamba asiyeteleza! Mashemeji wakiniona wanafagia njia, wasiponiona wanauliza..."

"Sema, omera, sema ndugu!" akaropoka mwanamume mmoja, Gordon, kwa mazoea ya ngomani. Akapiga makofi mara mbili, kisha akakumbuka alipo, akaificha mikono mapajani.

Nashon akasikia alichokisema. Asiyeteleza. Masikio yakamwaka moto.

"Umemaliza?" Mama Roseline akauliza bila ukali. "Haya. Na huyo dume, mara ya mwisho alikunywa lini?"

Angeweza kudanganya, lakini jasho lake lilikuwa limeshamsemea.

"Leo. Asubuhi. Ili niweze kuja."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Akaketi, akakitazama kikombe cha chai alichopewa, akashindwa kukiinua kwa hofu ya kumwaga chai.

Zamu ikamfikia Mzee Osoro, fundi wa cherehani.

"Mimi Osoro. Siku tunamzika mama yangu nilianguka ndani ya kaburi, juu ya jeneza. Ndugu zangu wakanivuta kwa mikono. Sasa nina miezi minne bila tone."

Basi. Akanywa chai yake. Nashon, aliyewahi kutunga mistari ya kusifu hata viatu vyake, alimtazama mzee yule kwa wivu.

Akasimama tena, safari hii kifua hakikutoka.

"Kamba ilikuwa kavu," akasema. "Nilikuwa nimelewa. Mpini ukanitoka mikononi, rafiki yangu Mokua akaanguka. Nikasingizia mvua."

"Mokua anajua?"

"Hajui."

"Basi umewaambia watu wenye miguu mizima," Mama Roseline akasema. "Umeanza, sikatai. Alhamisi ijayo uje utuambie yeye alisema nini."

Kesho yake akamkuta Mokua nyumbani kwake, kitandani, peke yake. Mkewe Nyasuguta alikuwa amekwenda kuteka maji. Nashon hakuwa amekunywa tangu jana, na mwili wote ulikuwa ukimdai. Akasimama mlangoni.

"Mokua, ndugu yangu. Haikuwa mvua. Nilikuwa nimelewa."

Mokua akayatazama mabati. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikunusa kabla sijaikalia kamba. Wachimbaji wa shimo zima wamesimama pale, nawe unajisifu tu, mkono wa chuma, mkono wa chuma. Ningesema, 'Huyu amelewa, sishuki,' ungeweka wapi uso? Nikashuka."

Nashon akashika mwimo wa mlango. Alidhani amekuja kutoa siri yake. Kumbe siri hiyo mwenzake alishaibeba, tena kwa mguu.

"Mbona ulinishukuru?"

"Nyasuguta alikuwa anasikiliza. Angekumwagia uji wa moto." Mokua akajaribu kucheka, mguu ukamkataza.

"Nisamehe."

"Usinikimbize, omera. Bado nina hasira, na zitakaa. Njoo unishike niende chooni. Nyasuguta amechoka kunibeba."

Nashon akainama, akampa bega. Wakatoka uani polepole. Majirani waliokuwa wakifua wakasimamisha mikono, wakawatazama, na mara hii Nashon hakuwa na neno la kuwatupia. Katikati ya uwanja Mokua akasimama.

"Mikono yako inatetemeka."

"Sijanywa. Ndiyo sababu."

Mokua akamkazia bega kwa vidole, kwa nguvu ya kuumiza.

"Basi itetemeke," akasema. "Twende."