Jicho Ndani ya Ukuta

Fundi alipanda juu ya paa, akagongagonga mbao, akashuka na vumbi hadi kwenye kope. "Paa hili limezeeka," alisema. "Tundu moja nitatoboa, niweke kioo, jua liingie. Mkitaka mawili, nitafuteni mkiwa mmeshahama."

Hapo amani ya nyumba ikaanza kuchechemea. Vyumba vya nyuma vilikuwa viwili, vimebanwa na kuta za majirani, madirisha hakuna. Kimoja cha Bi Mkubwa, mama wa mwenye nyumba. Cha pili cha Mkwe, mama wa mke wa mwenye nyumba. Wote wajane, wote macho yameanza kuwasaliti. Na tundu ni moja.

"Tusigombane," alisema mwana. "Mke wangu si ndiyo kazi yake? Atapima kwa kompyuta. Chumba chenye giza zaidi ndicho kitapata kioo."

"Kompyuta ya mkeo," alisema Bi Mkubwa.

"Mama, kompyuta haina mama wala mkwe."

Moyo wa Bi Mkubwa haukukubali. Ni kweli mkamwana alikuwa kwenye ofisi inayopangia hospitali na kumbi mwanga wake kabla hata msingi haujachimbwa. Lakini amezaliwa na nani? Bi Mkubwa alikuwa na macho mabovu ya kuona sindano, si ya kuona mambo. Aliona nani anaitwa "Mamaaa" kwa sauti ya kuvutwa, na nani anaitwa "Mama" ya kukatwa kama uzi. Aliona foronya ya nani hubadilishwa kwanza. Asubuhi ya kupima alisali Mungu ampe moyo mweupe, akasema amina, akainuka upesi kwenda kushika tepu ya kupimia asije akaishika mtu mwingine.

Mkamwana aliweka kompyuta kwenye meza ya ukumbini, milango yote wazi. "Tunaanza na sifuri," alieleza. "Programu haijui kulia kwetu wala kushoto kwetu. Tunaiambia: kona hii ndiyo mwanzo. Halafu kila kitu tunakipa namba tatu, kutoka konani kwenda kulia, kwenda mbele na kwenda juu. Ikishajua kuta na kabati viko wapi, inarusha miali ya mwanga. Inadunda ukutani kama mpira, kila ukuta unakula kidogo, mpaka nguvu inaisha."

"Na hiyo sifuri umeiweka wapi?"

"Kona ya chumbani kwa mama."

"Mama yupi?"

Mkamwana akaonyesha kwa kidole. "Huyu wa chumba cha upande wa kulia."

"Mh! Hata mwanzo ni kwake."

"Mama, sifuri ni sifuri tu. Haina faida yoyote."

"Kama haina faida, nipe mimi."

Kicheko kikatoka chumba hicho. "Mpe, mwanangu!" alisema Mkwe. "Mpe sifuri yake asije akakosa usingizi!"

Sifuri ikahamishiwa kona ya Bi Mkubwa, naye akatembea kama aliyerudishiwa shamba. Hakufikiria kwamba sasa vitu vyote vya chumbani kwa mwenzake vitahesabiwa kutoka mbali, kwa namba kubwakubwa ambazo hakuzizoea. Walipima kuta, kitanda, na lile kabati refu la Bi Mkubwa la tangu ndoa yake.

"Sasa jicho," alisema mkamwana. "Programu inataka kujua anayetazama hukaa wapi, na macho yake yako juu kiasi gani."

"Jicho tu," Mkwe akadakia. "Msitie kijicho!"

Hata Bi Mkubwa alibanwa na kicheko. Akakimeza.

Jicho lake alilipima kwa haki. Kisha akaingia kwa Mkwe, aliyekuwa kwenye kiti chake kizito chenye mikono akishona pindo la shuka. Mgongoni mwa Mkwe palikuwa na mto wa kitambaa laini, haujakunjika bado.

"Mto mpya?"

"Binti kaniletea jana. Ati mgongo."

Na mgongo wangu mimi ni wa mbao? Bi Mkubwa aliwaza. Alitazama tepu. Tano na kumi: mita tano na sentimita kumi kutoka kona yake. Mlango ulikuwa mbali zaidi, kwenye namba kubwa, na mwanga wa ukumbini uliishia hapo. Mtu akikaa karibu na mlango, nani atasema ana giza?

"Soma, Mama!" mkamwana aliita.

"Saba na kumi!"

Mkwe aliinua uso, akaitazama tepu, akamtazama mkwe mwenzake, akarudi kwenye pindo lake.

Jioni mwana aliporudi wote walikusanyika mezani. Picha ya kwanza, chumba cha Bi Mkubwa: kijivu, kitanda kinaonekana kwa shida. Picha ya pili, cha Mkwe: nyeusi tii.

"Masikini!" mwana alishika kichwa. "Mkwe wetu anakaa kaburini na sisi tupo? Hakuna cha kujadili. Aitwe fundi."

Bi Mkubwa akaikodolea picha macho. Ulimi wake mwenyewe umempa mwenzake kioo.

"Ngoja," alisema mkamwana. "Hili si giza. Giza la chumba lina ukijivu wake. Hapa jicho limeingia ndani ya ukuta." Akateremsha kidole kwenye namba. "Saba na kumi. Mbona chumba kinaishia saba?"

Angeweza kunyamaza, mama yake akapata jua. Bi Mkubwa alikuwa amemvizia kutwa nzima amkamate na hila, na hila hakuiona. Hilo nalo likamuudhi.

"Labda ni mimi," alisema Mkwe polepole. "Nilisogeza kiti wakati wa kupima."

Mwana akamgeukia Mkwe. Macho yake yalijaa huruma na heshima, macho ambayo Bi Mkubwa hakutazamwa nayo tangu wiki ile ya msiba wa mumewe. Kioo angemwachia. Macho yale, hapana!

"Hakusogeza kitu," alisema. "Nilisoma tano na kumi, nikasema saba na kumi. Nilitaka aonekane yuko mlangoni, hana shida. Uongo ni wangu, mkwe. Usiuvae, una nguo zako."

Mkwe akacheka hadi akajishika mbavu. "Ulitaka kunipeleka mlangoni, ukanizika ukutani!"

Mwana hakucheka. "Basi kioo kiende kwa Mkwe, kesi imekwisha."

"Bado," alisema mkewe. Alikuwa ameshaandika tano na kumi, na picha ilikuwa inajichora upya, chembe kwa chembe. Chumba cha Mkwe kikatokea, kijivu cha alfajiri, hata ukingo wa meza unaonekana. Cha Bi Mkubwa kilikuwa kizito zaidi. Kabati lile lilimeza nusu ya mwanga. "Tulikubaliana kupima giza. Hatukukubaliana kupima tabia."

Fundi akatoboa paa juu ya chumba cha Bi Mkubwa. Asubuhi ya kwanza jua lilimwagika kitandani, akalishukuru kwa sauti. Hajamaliza shukrani, hodi. Mkwe akaingia na shuka lake la kushona, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuambiwa karibu.

Wakashona. Jua likatambaa, likaacha magoti ya mmoja, likapanda mapajani mwa mwingine. Bi Mkubwa alilivumilia, akalivumilia, mwisho akashindwa.

"Sogea."

"Nisogee wapi?"

"Huko. Limekujaa wewe tu."

Mkwe akasogea, kidogo sana.